Mama Yumo Kwenye Runinga

Nelson, Lancashire
6 Oktoba 2004

Kwako mdogo wangu Nigel,

Salamu kwako, kwa Roslyn na kwa watoto. Natumai hamjambo wote na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mzima, mgongo tu, na mgongo nimeshauzoea. Baba naye yupo. Anakula, analala, anavaa soksi mbili mguu mmoja. Ukiuliza hali yake, ndiyo hiyo.

Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi haiwezekani. Ikilia tu, Baba anadhani kiwandani wanamwita, mashine ya kufuma imekwama, anaanza kutafuta kofia. Nikizungumza anasimama nyuma yangu na kusikiliza kila neno. Kwa hiyo naandika sasa hivi amelala mchana, na wewe utanijibu kwa barua. Usijifanye umesahau kushika kalamu.

Nina shida moja. Muuguzi anayekuja Jumanne anasema tusimwache Baba akae tu dirishani. Tumtafutie vitu alivyovipenda zamani, labda vitamwamsha. Muziki tumejaribu, akasema zima. Picha za harusi yao amezilaza kifudifudi. Ndipo nikakumbuka vichekesho vya Ijumaa. Samaki na chipsi kwenye karatasi, Baba amesimama mbele ya runinga na gazeti la vipindi, anachagua yeye na hakuna wa kupinga, halafu anaanza kucheka kabla mtu hajafanya lolote. Mama alikuwa akimwambia, "Arnold, subiri basi wakuchekeshe."

Nataka kumsikia akicheka, Nigel. Tangu tumzike Mama sijamsikia. Siku hizi jina langu analikumbuka asubuhi, mchana linampotea, ananitazama kama karani wa posta. Akicheka hata mara moja nitajua bado yumo.

Vile vya zamani vyote vinauzwa siku hizi kwenye diski. Nilienda dukani nikakuta rafu nzima, nikasimama pale kama mjinga, nikatoka na mkate. Wewe ndiye uliyekuwa unavijua kwa majina na nyimbo zake. Nichagulie, tafadhali.

Dada yako,
Gillian


Hobart, Tasmania
19 Oktoba 2004

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai kwenye bahasha, nikajua kweli imetoka nyumbani. Huku hatujambo. Goti linapiga kelele kila nikiinama chini ya sinki la mtu, lakini fundi bomba asiyeinama atakula nini? Roslyn anakusalimu.

Sasa umeniuliza swali la maana kuliko yote uliyowahi kuniuliza. Nilikaa nalo juma zima. Roslyn ananiambia mwanamume mzima anapanga vichekesho kama anapanga timu ya kandanda. Lakini timu yenyewe hii hapa, nimeshaiagiza kwa duka la huko Uingereza, watakuletea mlangoni.

Kuna "Meli Isiyong'oa Nanga", wale mabaharia ambao meli yao haitoki bandarini. Kuna "Ofisi ya Maji", yule mkuu mwenye masharubu na makarani wake wavivu. Kuna "Wazikaji Wawili", ndugu wanaogombania gari la maiti. Na mwisho kabisa kuna "Vyumba Vipo". Bi Pilling na nyumba yake ya wageni kule pwani, na mumewe Cedric ndani ya sweta yake ya vifungo. Hicho ndicho Baba alikuwa akivua miwani kufuta machozi kwa kucheka. Kiweke akiba. Anza na meli.

Sikumweka yule daktari wa wanyama wa kwenye runinga uliyekuwa unampenda ukiwa na miaka kumi na mitano. Usijisumbue kumtafuta, amezeeka.

Mdogo wako,
Nigel


Nelson
12 Novemba 2004

Kwako Nigel,

Habari za huko? Sisi tunaendelea. Mvua haijakatika tangu watoto wawashe mioto na fataki zao za sikukuu ya Novemba, na nguo zimekauka kwa kulazimishwa. Diski zimefika zote salama. Ahsante. Sasa sikiliza timu yako ilivyocheza.

Meli kwanza. Kapteni alipopiga filimbi, Baba akasimama wima mbele ya runinga, mikono ubavuni. Nikafurahi, nikadhani anatania. Kumbe amerudi jeshini. Akapanda juu kufungasha, akashuka na mswaki na taulo, akaniuliza basi la wanajeshi linaondoka saa ngapi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wazikaji hatukufika mbali. Alipoona jeneza tu akauliza nani amekufa, na mimi nikaona nizime kabla hajajijibu mwenyewe.

Nikaweka "Ofisi ya Maji". Hapo ndipo nilipoelewa shida. Ni vile vicheko, Nigel. Wewe na mimi tunajua ni watu waliokaa studio miaka ile wakatazama na kucheka. Baba hajui tena. Anasikia umati unacheka ndani ya nyumba yake na haoni mtu. Akaniuliza taratibu, "Nani wanacheka?" Nikasema ni kwenye runinga. Akatazama runinga, karani mmoja peke yake mezani, kinywa kimefungwa. Akanitazama mimi kama mwongo. Akavua kiatu akagonga nacho ukuta wa kwa Nasreen.

Nasreen Mahmood unamkumbuka, nyumba ya mkono wa kushoto, waliingia mwaka ule ulipoondoka. Akaja na sahani ya sambusa kuuliza kama tuna shida. Baba akamwambia mlangoni kwamba si vizuri kumcheka mtu nyumbani kwake. Nasreen hakunitazama hata mimi. Alimjibu, "Samahani sana, Bwana Threlfall, hatutarudia." Akaacha sambusa akaenda. Niliingia chooni nikalia.

Na jambo jingine. Wale watu wa kwenye runinga anawahesabu kuwa wageni. Amewapikia chai. Nilikuta vikombe vimepangwa kwenye zulia mbele ya kioo cha runinga, kila karani na chake, na cha mkuu kina biskuti mbili. Gesi ilikuwa bado inawaka.

Imebaki ile nyumba ya wageni. Naiogopa.

Dada yako,
Gillian


Hobart
25 Novemba 2004

Dada Gillian,

Pole. Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka tena kwenye zile biskuti mbili za mkuu. Huyo ni Baba kabisa. Mkuu hawezi kupewa sawa na karani.

Usikate tamaa. Vile vilikuwa vya kupasha misuli. "Vyumba Vipo" alikijua kwa moyo. Alikuwa akimwita Bi Pilling kabla hajaingia, na Mama anamkanyaga mguu. Kitu kilichoingia kiasi hicho hakitoki kirahisi. Punguza sauti wakicheka, ongeza wakisema. Kaa naye karibu, umshike mkono. Jaribu mara hii moja kwa ajili yangu, dada yangu. Mimi siwezi kukaa hapo, basi walau kile nilichochagua kikae.

Watoto wanamsalimu Babu yao. Huku joto limeanza.

Mdogo wako,
Nigel


Nelson
14 Desemba 2004

Nigel,

Natumai mko salama. Sisi hatuko vizuri na sitajifanya.

Niliweka kitu chako Jumapili baada ya chakula. Nilikaa karibu naye na kumshika mkono kama ulivyosema. Bi Pilling akaingia na kitambaa cha kufutia vumbi, nywele zimeviringwa kwa vibanio, ile lafudhi yake ya mjini kwetu, anawafokea wageni waliolaza taulo sakafuni. Baba akakaa vizuri. Uso wake wote ukafunguka, Nigel. Sijauona uso ule kwa miaka. Nikasema moyoni, haya, mdogo wangu alikuwa sahihi. Baba akasema, "Enid."

Hatukuwahi kuona kwamba anafanana na Mama tukiwa watoto, kwa sababu Mama alikuwa bado kijana wakati ule. Lakini Mama tuliyemzika, mnene kidogo, aproni, mikono kiunoni, ni yeye yule. Nami nilipomwangalia nilishtuka.

Kisha Cedric akaingia na sweta yake akambusu shavuni, na umati ukaangua kicheko.

Baba akautoa mkono wake kwenye wangu. Akauliza yule bwana ni nani. Nikasema ni mwigizaji. Akasema, "Anamwita mke wangu mpenzi." Halafu wakacheka tena, wewe unajua wanavyocheka kwenye kile kipindi, na Baba akainamisha kichwa. Akaniambia, polepole kabisa, "Wananicheka mimi. Mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi."

Utasema nisiweke tena. Unadhani sijajaribu? Runinga ikiwa imezimwa anadhani nimemfungia Mama mle ndani. Anakaa chini kwenye zulia, ameweka viganja kwenye kioo, anamwita. Anamwomba amwambie kosa lake ni nini. Siwezi kusikiliza hilo, namwashia. Akimwona anatulia, anamfuata kwa macho jikoni na ngazini, mpaka Cedric aje. Ndivyo tunavyoishi kila siku ya Mungu.

Arobaini na sita, Nigel. Miaka arobaini na sita ya ndoa na hakuwahi hata kumwacha Mama abebe ndoo ya makaa. Sasa ni mwanamume aliyekimbiwa na mke. Atakufa akiamini hivyo, na vicheko juu. Ulichagua vizuri sana, hongera.

Gillian


Hobart
27 Desemba 2004

Dada yangu,

Nimestahili. Nilitaka kukutakia sikukuu njema na kalamu ikakataa. Tulikula kamba pwani na nilikuwa nakiona kile kioo na viganja vyake juu yake. Roslyn aliniuliza nina nini, sikuweza kumweleza.

Lakini nimefikiri. Mwambie ukweli. Mama hakumkimbia, Mama alifariki, alifariki huku amemshika mkono, na mtaa mzima ulikuja kanisani. Ukweli unauma lakini unampa heshima yake. Mtu afadhali awe mjane kuliko kuachwa. Mwambie kwa upole, mwonyeshe kaburi.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Nigel


Nelson
16 Januari 2005

Kwako Nigel,

Nimekusamehe, nilikuwa nimechoka. Mwaka mpya na uwe mwema kwenu. Mgongo umezidi, nafanya mazoezi aliyonipa daktari nikiwa nimeshika beseni.

Nimemwambia. Nilimkalisha, nikamwambia Mama alifariki, na jinsi ilivyokuwa. Nigel, hakuwa anakumbushwa. Alikuwa anapashwa habari. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ile ya hospitali. Baadaye akaniuliza maziko lini. Nikasema yalishapita. Akasema, "Mmemzika mke wangu bila kuniita?" Nilimpeleka makaburini kwenye baridi, akasoma jina, akapiga magoti kwenye tope. Nasreen na mwanawe ndio walionisaidia kumwingiza garini.

Asubuhi akashuka kwa chai, akaniuliza yule bwana wa sweta bado yuko na Enid?

Nikamwambia tena. Ikawa vilevile, sauti ileile. Na siku ya tatu tena, kwa sababu wewe na mimi tuliamini ukweli utaingia ukirudiwa. Hauingii. Yanayobaki ni majonzi tu, mwili unayakumbuka ingawa kichwa kimesahau, hali chakula. Basi. Sitamuua mama yangu kila asubuhi. Kama ni lazima nichague, afadhali aliyeachwa, kwa sababu huyo walau ana tumaini.

Muuguzi ametaja nyumba ya wazee. Nimesema hapana. Niliacha kazi ya maktaba kwa ajili yake, sikuiacha ili akafie kwa wageni akiwa ameinamisha kichwa.

Njoo, Nigel. Sikuombi pesa wala diski. Njoo.

Dada yako,
Gillian


Hobart
30 Januari 2005

Dada Gillian,

Nakuja. Nimekata tiketi ya tarehe 24 Machi, nifike Pasaka. Mapema zaidi siwezi, mwenzangu wa kazini amelazwa na nina nyumba sita za watu hazina maji. Najua unavyoisoma hiyo sentensi. Hata mimi nikiisoma naona ni kisingizio.

Lakini sikiliza. Umesema ana tumaini. Nimelala na neno hilo. Unaikumbuka sehemu ya mwisho kabisa ya "Vyumba Vipo"? Bi Pilling anachoka na Cedric. Anafungasha sanduku, anavaa kofia, anamwambia kwamba amepika vya kutosha na sasa anarudi kwao. Anapanda treni. Ukiacha iendelee, treni inasimama kituo cha mbele, anakumbuka ameacha nyama kwenye jiko, anarudi mbio, watu wanacheka. Lakini ukizima pale treni inapoondoka, Gillian, Mama amemwacha yule bwana na anakuja nyumbani.

Ni uongo, najua. Nimechagua vibaya mara zote. Nipe hii moja.

Nimeweka na barua kwa Baba mwenyewe, na picha ya watoto kwenye theluji ya mlimani mwaka jana. Msomee.

Mdogo wako,
Nigel


Nelson
22 Februari 2005

Mdogo wangu Nigel,

Salamu nyingi. Natumai mwenzako ametoka hospitalini. Mimi sijui niseme nikoje. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe uamue.

Nilizima palepale ulipotaka, treni ikiondoka na moshi. Baba akainuka. Kisha akaenda juu akanyoa. Akashuka amevaa koti, tai na kofia, akaburuta kiti hadi kwenye kijia cha ndani, mbele ya mlango, akakaa. Hakula mezani, nilimpelekea supu palepale. Kesho yake hivyohivyo. Hakuuliza kuhusu Cedric hata mara moja. Kila miguu ikipita nje anashika ukingo wa kiti ainuke. Nilikuchukia, Nigel, kwa sababu nilijua hakuna atakayeingia.

Alhamisi mkate uliisha na dawa zake pia. Nasreen akaja kukaa naye. Mvua inanyesha, koti langu bado limelowa tangu asubuhi, nikachukua lile la Mama la bluu lililokuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Sikufikiria chochote, naapa. Nilikuwa nafikiria foleni ya dawa.

Nikarudi nikafungua mlango wa mbele. Baba akasimama. Akanipokea mfuko wa mkate.

"Enid," akasema. "Umerudi."

Kinywa changu kilifunguka niseme ni mimi, Baba, ni Gillian. Yeye akaendelea, "Sitakuuliza ulikuwa wapi. Ingia ndani, unalowa."

Maisha yangu yote sijawahi kulitaja jina la baba yangu mbele yake. Nikasema, "Nimerudi, Arnold."

Akanivua koti akalitundika, akalinyoosha mabega. Nasreen alitoka kwa mlango wa nyuma, ameziba mdomo kwa mtandio.

Jioni akagonga kochi nikae karibu yake, akanipa rimoti. Baba, Nigel, ambaye rimoti yake hakuna aliyewahi kuigusa. Akasema, "Chagua wewe, mpenzi." Nikaweka "Ofisi ya Maji", nikangoja vile vicheko. Vilipokuja akanigeukia kuona kama nacheka. Nikacheka. Basi naye akacheka, kabla karani hajafungua hata bomba. Alicheka mpaka miwani ikatoka. Nililia na kucheka pamoja, na yeye akanifuta machozi akidhani ni ya kicheko.

Ulichagua sawa mara hii. Barua yako nilimsomea, ameiweka mfukoni mwa shati.

Dada yako,
Gillian


Hobart
6 Machi 2005

Mama Gillian, shikamoo!

Nakutania tu. Nimefurahi mpaka nimemwinua Roslyn juu, goti na lote. Nilikwambia! Wewe unaniona fundi bomba, kumbe nilikuwa nakosa tu bomba lenyewe. Baba amecheka! Nimewasomea watoto barua yako mezani, wote tukalia kama wapumbavu.

Sasa usibadilishe kitu mpaka nije. Kama anakuita Enid, kuwa Enid, kuna ubaya gani? Ana furaha, nawe unapata kuchagua vipindi, haki uliyonyimwa utoto mzima. Nikifika tutakaa watatu kwenye lile kochi. Nimemwandikia barua nyingine ndefu na picha za boti. Msomee kwa sauti ya Mama.

Tarehe 25 jioni nitakuwa stesheni ya Nelson. Nitakuja na njaa. Pika pai ya nyama na viazi.

Mdogo wako,
Nigel


Nelson
18 Machi 2005

Kwako mdogo wangu Nigel,

Pole, na poleni wote. Kwenye simu jana ulilia na mimi nikasema mambo ya tiketi na mchungaji. Hatukuzungumza. Naituma barua hii kwa posta ya haraka ili uipate kabla hujapanda ndege, uijue habari yote, kwa sababu ukinitazama usoni sitaweza kuisema. Maziko nimeyaweka tarehe 29, utawahi.

Baba hakuteseka. Kifua kilimshika tangu wiki iliyopita, daktari akasema ni uzee, tusimhamishe. Tulimletea kitanda chini sebuleni. Alikuwa na mke wake mpaka mwisho, Nigel, hilo ulimpa wewe, na nitakushukuru maisha yangu yote. Hakufa mtu aliyeachwa. Alikuwa akiwaambia wauguzi, huyu ndiye Enid, alikwenda pwani kidogo akarudi. Tulikuwa tukitazama pamoja kila jioni, yeye amelala, mimi kwenye kiti. Alinisimulia mambo ya uchumba wao ambayo binti hapaswi kuyasikia. Barua zako alitaka nizisome kila siku. Ile ya boti naijua kwa moyo.

Uliniuliza kuna ubaya gani. Sikukujibu. Tangu Alhamisi ile ya mvua hakuniita Gillian tena, hata asubuhi. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza ubavu huu na ule, na alinishukuru kila mara kwa jina la Mama. Nilijiambia si kitu. Jina ni nini, kazi ni ileile.

Jumatano mchana nilishika maboksi mawili ya diski juu ili achague cha kutazama. Akasema si sasa. Akanishika mkono, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nigel yuko mwisho wa dunia na anaandika. Gillian yuko wapi? Mbona haji kuniona?"

Nilikuwa nimempigia magoti, Nigel. Uso wangu ulikuwa karibu na wake kama karatasi hii ilivyo karibu nami. Kama ningesema ni mimi hapa, Enid angekuwa ameondoka tena, na hakuwa na nguvu za kumngoja mlangoni mara ya pili. Nikasema, "Yuko njiani, Arnold."

Akafikiri. Akasema, "Ana shughuli zake. Mwambie sina kinyongo naye."

"Nitamwambia," nikasema.

Alifumba macho, na Nasreen alipoleta supu alikuwa ameshaenda.

Nimejaribu kuufikisha huo ujumbe. Leo asubuhi nimesimama peke yangu sebuleni nikasema kwa sauti, Gillian, baba yako alisubiri uje, anasema hana kinyongo. Haikusaidia kitu. Sijui wa kumweleza kwamba nilikuja. Nilikuwepo kila siku.

Pai nitapika. Nina ombi moja tu. Ukishuka pale stesheni usinitanie. Niite jina langu, uliite kwa nguvu, hata watu wakigeuka.

Dada yako,
Gillian